Chai ya Saa Kumi kwa Mama Filo

Habari ya kifo cha Mama Filo niliipata kwenye simu, katika kikundi cha parokia, katikati ya mtu anayeuza unga wa muhogo na mwingine aliyetuma video ya kwaya yao. Iliandikwa kwa kifupi: Mama Filomena ametutoka, kilio kiko nyumbani kwake, misa ya mazishi ni Alhamisi. Niliisoma mara mbili, nikaiweka simu mezani kifudifudi, nikaendelea kuchambua maharage. Mjukuu wangu, ambaye haachi kitu kipite, akaniuliza nani amekufa. Nikamjibu, “Ni mwenye lupango tu, nilipangaka kwake wakati wa masomo.” Mkono ukasimama ndani ya maharage. Maneno hayo, mwenye lupango, yaani mwenye nyumba tu, nilikwisha kuyasema zamani, karibu neno kwa neno, nikiwa na miaka ishirini, na sikujua kwamba yalikuwa bado mdomoni mwangu. Nimejaza madaftari mawili kwa kumbukumbu za kazi yangu ya ukarani mahakamani, na humo ndani mimi ni mtu mwerevu toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mwaka wa Mama Filo nimekuwa nikiuruka kila mara. Leo nauandika, na mwenye kutaka kunisifu afunge daftari hapa.

Nilikuwa mwaka wa pili wa sheria pale Kasapa, kwenye chuo kikuu. Kitanda kwenye kampasi sikupata, kwa hiyo nilipanga chumba cha nyuma katika lupango la Mama Filo, nyumba mbili zilizopakana ndani ya ukuta mmoja, karibu na reli, mahali ambapo treni ikipita vikombe viligongana kabatini. Mambo ya ukoo wangu nayaacha. Inatosha kusema kwamba sikuwa nimebatizwa, na kwamba nilikuja mjini nikiamini kuwa kazi za nyumbani ni za wasichana walioshindwa shuleni. Mwezi wa kumi na moja walimu wetu wakagoma, kampasi ikafungwa, nami nikabaki chumbani, nimelala chali chini ya bati, nikisoma kurasa zilezile na kumsikiliza Mama Filo upande wa pili wa ukuta. Nilimsikia akifagia kabla jua halijatoka. Nilimsikia akipepeta unga, akipuliza makaa, akiongea na kuku wake kana kwamba wana deni la heshima kwake. Mume wake alikuwa mtu wa reli na alikuwa amekwisha kufa. Binti yake wa pekee, Yvette, ameolewa Likasi. Nilijiuliza mwanamke kama huyu anaishi kwa ajili ya nini. Ndivyo nilivyokuwa.

Siku moja mvua ilinyesha juu ya makaa yangu yote. Mbabula yangu, jiko langu la makaa, ilikataa kuwaka, chumba kikajaa moshi, nami nikatoka nje nikikohoa na kulaani. Mama Filo alikuwa amesimama mlangoni pake, kitenge kimefungwa juu ya kifua, anacheka bila kujificha.

“Mama, acha ile moto, ilikufa kabisa,” aliniambia. “Kuya huku ndani. Iko saa ya chai.”

Alikuwa akiwaita “mama” hata wasichana wadogo, na mimi nilikuwa nimechukia hilo tangu siku ya kwanza. Lakini nilikuwa nina baridi, nikaingia. Sebule yake nakumbuka hadi leo kila kitu kilipokaa: viti vinne vya mbao vyenye vitambaa alivyofuma mwenyewe, picha ya Moyo Mtakatifu, saa ya ukutani iliyokuwa ikienda mbele dakika kumi, na meza iliyotandikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Meza hiyo ilikuwa imepangiwa watu wawili. Mume wake alikuwa akitoka kazini saa kumi, akaniambia, na yeye hakuona kwa nini mikono yake iache kupanga vikombe eti kwa sababu mtu mmoja haji tena. Kila siku mtu fulani hupita, na akipita anakuta nafasi. Tulikunywa chai ya majani ya sitroneli, yaani mchaichai, kutoka kwenye bustani yake, na mkate uliopakwa siagi ya karanga, na bitumbula, yale maandazi ya mviringo, bado ya moto kiasi cha kuunguza vidole. Kabla ya kumimina, alifumba macho kwa muda mfupi. “Yesu, aksanti juu ya hii chai. Ikala na siye.” Basi. Aliomba akae nasi, hakuna zaidi. Nilingoja mahubiri yafuate, kwa maana kila mtu mjini alikuwa na mahubiri ya kumpa msichana asiyesali, lakini yeye alinisogezea sukari tu.

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa, na baada ya wiki mbili sikuhitaji kuitwa. Nikaanza kufika mapema, saa tisa, kisha saa nane, na kwa kuwa mtu hawezi kukaa kama mgeni siku nzima, nikapewa kazi. Alinifundisha kusonga bukari, yaani ugali, isiyo na madonge, mimi niliyekuwa nikijisifu kwamba najua. Alinifundisha kutia wanga kwenye nguo, kushika pasi ya makaa mbali na majivu yake, kukausha majani ya sitroneli kivulini na siyo juani. Alikuwa mtani mkubwa. Aliniita “Madame Juge”, yaani Bibi Hakimu, na nilipounguza kitu alisema, “Madame Juge, kata kesi: ni weye ao ni pasi?” Kusoma kwake kulikuwa kwa kubabaisha, kwa hiyo Jumamosi nilimsomea masomo ya Jumapili huku akichambua mboga, naye aliyajadili kama habari za majirani. Nilipomsomea kuhusu Bwana atakayerudi saa isiyojulikana, alitikisa kichwa. “Anasema atakuya, hasemi saa. Si unaona? Banaume. Bon, miye saa kumi niko tayari.” Tulicheka hadi chai ikamwagika kwenye kitambaa, na ni yeye aliyekuwa wa kwanza kusema pole kwa Mungu.

Imani yangu ilianzia kwenye karai, na najua watu watacheka. Mama Filo ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya altare vya parokia yetu. Vilikuja kila Alhamisi ndani ya kikapu, na hakuna mtu mwingine aliyevigusa. Kimoja, kile ambacho padri huweka hostia juu yake, kilikuja kimekunjwa kwa ndani, ili chembe yoyote isianguke. Alikifungua polepole juu ya karai, akakilowesha kwenye maji safi yasiyo na sabuni, akakitoa, kisha akayabeba maji yale kwa mikono miwili hadi penye maua yake na kuyamwaga kwenye udongo. Mfereji ulikuwa karibu zaidi. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua, kwa sauti yangu ya mwanasheria.

“Kama kipande yake iko mule,” alisema, “utamutupa mu mufereji?”

Akarudi kwenye karai. Nami nilibaki nimesimama nikiangalia udongo ukinywa maji. Nilikuwa nimesoma hoja nyingi za kuonyesha kwamba Mungu yuko na kwamba hayuko, na hakuna hata moja iliyonigusa. Lakini pale nilimwona mtu anayeishi na Mungu nyumbani mwake na kumfanyia adabu hata pasipo mtu wa kumtazama. Niliamini. Nasema hivi waziwazi kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani nilikuwa nikiigiza. Sikuigiza. Niliamini kweli, kutoka kwake, na ndiyo maana aibu yangu haina pa kujificha.

Baada ya Noeli nilimwambia kwamba nataka kubatizwa. Aliweka kikombe chini na kufunika mdomo kwa mikono miwili.

“Na marraine yako atakuwa nani?” aliuliza. Marraine ni mama wa ubatizo, yule anayesimama nyuma ya mbatizwa na kuweka mkono begani mwake wakati wa maji.

“Weye, Mama. Nani tena?”

Alicheka na kulia kwa pamoja. Alisema alikuwa hajaombwa hata siku moja, kwa sababu watu hutafuta marraine wenye uwezo, naye ni mwanamke wa karai. Kisha akasema, “Aksanti, mwana wangu,” na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Wiki hiyohiyo alikwenda sokoni akarudi na pamba nyeupe, akanipima kwa uzi aliotia mafundo, moja la bega, moja la kiuno, moja la goti.

Sasa inabidi nieleze desturi, kwa maana ndani yake ndipo nilipojikwaa. Kwetu mama wa ubatizo si mkono wa begani tu. Ndiye anayetoa gauni na viatu, ndiye anayeleta keki, na mara nyingi jina lake ndilo linakuwa lako. Kwenye mafundisho ya katekisimu wasichana wenzangu hawakuzungumza kingine. Huyu marraine wake ana duka katikati ya mji, yule marraine wake atamtafutia kazi benki. Waliponiuliza wangu, nilisema bado natafuta. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Au tuseme najua. Nilikiona kitenge chake kilichopauka kikiwa nyuma yangu mbele ya kanisa lote, na miguu yake iliyopasuka ndani ya kandambili, nikaona haya. Nilimwonea haya mtu ambaye nilikuwa nimekula mkate wake tangu mvua zilipoanza.

Kulikuwa na Madame Solange, mwimbaji wa kwaya, mke wa mkubwa katika ofisi moja ya migodi huko mjini, mwanamke mwema kwa kweli, sina neno baya juu yake. Jioni moja ya Kwaresima alinipa lifti ndani ya gari lake hadi nyumbani. Mama Filo alisikia gari akatoka hadi mlangoni mwa ukuta, mikono imejaa unga, akatabasamu.

“Jambo, Madame.”

“Jambo sana, Mama,” alijibu Madame Solange, kisha akanigeukia. “Ni mama yako?”

“Hapana, Madame. Ni mwenye lupango tu.”

Wala si uongo. Hakimu yeyote angelipokea jibu hilo. Mama Filo alikuwa tayari ameanza kurudi ndani, mafuta yake yalikuwa motoni, na hadi leo sijui kama alisikia. Madame Solange aliniuliza kama nimepata marraine. “Kama bado, miye niko,” alisema. Nilimwambia bado. Jumapili iliyofuata nilimpa katekista karatasi, nikaandika juu yake Madame Solange, na mahali pa jina la ubatizo nikaandika Solange pia, jina ambalo watoto wangu wananiona nalo kwenye vitambulisho vyote, jina ambalo wengi wenu mnaniita.

Kisha yakaja majuma matatu ambayo ningetoa mengi yasiwepo. Kila saa kumi nilikaa kwenye meza ile, nikanywa chai, nikamtazama akishona gauni langu. Hakuwa na mashine. Alishona kwa mkono, mishono midogo, akisogeza kitambaa karibu na dirisha kadiri mwanga ulivyopungua. “Inua mikono,” aliniambia, nami niliinua mikono. “Geuka,” nami niligeuka. Nilijiambia nitamwambia Jumatatu, halafu Alhamisi, baada ya vitambaa vya altare. Nilijiambia kwamba ataelewa, kwamba mgomo hauishi, kwamba msichana asiye na mtu katika mji huu anahitaji mlango wa kubisha. Yote yalikuwa ya kweli, na yote niliyasema kimoyomoyo nikiwa na bitumbula zake mdomoni. Nilifikiri pia, na hapa ndipo ujinga wangu ulipozidi, kwamba nina muda hadi Pasaka. Mimi niliyekuwa mgeni katika mambo ya kanisa sikujua kitu ambacho kila mtoto wa parokia anakijua.

Jumapili ya Matawi, baada ya maandamano, katekista alipanda mbele na kusoma majina ya wabatizwa pamoja na ya marraine na parrain (baba wa ubatizo) wao, ili mwenye kipingamizi aseme. Kila jina liliposomwa, marraine alisimama mahali pake, na watu wakapiga makofi. Mama Filo alikuwa benchi la tatu upande wa kina mama, amevaa kitenge chake cha sikukuu. Nilimwona akishika ukingo wa benchi la mbele, tayari. “Ngoie, atakayeitwa Solange,” alisoma katekista alipofika kwangu. “Marraine, Madame Solange.” Mama Filo alikuwa amekwisha kuinuka nusu. Alibaki hivyo, ameinama, kama mtu aliyeangusha kitu chini, kisha akakaa. Makofi yakapigwa. Naye alipiga makofi.

Sikurudi nyumbani. Nilizunguka mjini, mbele ya maduka yaliyofungwa na benki zilizofungwa, tawi mkononi, viatu vikinibana, hadi nilipoona hakuna pengine pa kwenda. Ilikuwa saa kumi. Nilikuta meza imepangwa, vikombe viwili, mkate umekatwa. Nilikaa. Alifumba macho, akasema sala yake ileile, akamimina.

“Madame atakupatia robe?” aliuliza.

“Ndiyo, Mama.”

“Na viatu?”

“Na viatu.”

“Iko muzuri.” Alichukua gauni kutoka kwenye kiti, akaweka uzi kwenye sindano, akaendelea na pindo. “Inabakia kidogo tu. Siwezi kuacha nguo bila kuimalizia. Binti ya Yvette ataivaa ku komunyo yake, tutapunguza.”

Nilipaswa kupiga magoti. Nilipaswa kusema hata neno moja. Nilichosema ni kwamba chai ni nzuri. Kesho yake, nikiwa nimelala chumbani, nilimsikia rafiki yake Mama Anto, mwanamke wa sauti kubwa anayeuza mboga kwenye kona, akimwaga hasira yake upande wa pili wa ukuta. “Ule mutoto ni mubaya, Filo! Umemulisha, umemufundisha hata namna ya kushika pasi, na leo anakufanya kintu cha bure mbele ya bantu! Mufukuze!” Mama Filo akamjibu. “Acha, Anto. Eko anatafuta namna ya kuishi. Na kubatiza, hapana miye njo nitamubatiza. Ni Mungu. Mungu eko, haiko?” Kisha nikamsikia akipenga kamasi, mara nyingi, na Mama Anto akanyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nilijifunika shuka hadi kichwani, mchana kweupe, kwenye joto la bati.

Nilibatizwa asubuhi ya Pasaka. Mkono wa Madame Solange ulikuwa mwepesi, wenye bangili, na ulinukia vizuri. Keki ilikuwa ya ngazi tatu. Kampasi ilipofunguliwa nilihamia huko, na miaka miwili baadaye mume wa Madame Solange alizungumza na mtu aliyezungumza na mtu, nikapata kazi ambayo imenilisha hadi kustaafu. Sikuharibikiwa. Lingekuwa jambo rahisi zaidi kulisimulia kama ningeharibikiwa. Nimesali maisha yangu yote, nimewafundisha watoto wangu kusali, na kila ninaposali ni sauti yake naisikia ikisema Ikala na siye, sauti ya mtu ambaye sikumkiri. Kila mwaka wakati wa Noeli nilimpelekea sukari na maziwa ya unga, nikakaa dakika ishirini, nikitazama saa yake iliyokuwa ikienda mbele. Mara tatu nilifika pale na maneno yamepangwa kichwani kama hati ya mahakama. Mara zote tatu aliuliza, “Unakunywa?” nami nikasema ndiyo, na tukazungumza juu ya kuku.

Alhamisi nilikwenda kwenye misa. Kwa ajili ya umri wangu na cheo changu cha zamani, walinipa nafasi mbele, karibu na Yvette, ambaye sasa naye ni bibi. Kabla ya kulitoa jeneza, mzee wa parokia aliita watu kwa makundi ili wapokee mshumaa na kumsindikiza marehemu: watoto, wajukuu, mama wa chama chake, walioosha naye vitambaa vya altare miaka hii ya mwisho. Kisha akasema, “Watoto wa ubatizo wa Mama Filomena wasimame.” Kanisa likangoja. Watu waligeuza vichwa kulia na kushoto, maana mwanamke aliyeitumikia altare maisha yake yote kwa kawaida ana kundi zima. Hakuna aliyesimama. Mzee akarudia, akidhani hawakusikia.

Yvette aliniinamia sikioni. “Bantu balimuombaka mingi,” alinong’ona. “Miaka yote. Alikuwa anabakatalia. Anasema, ‘Hapana, miye niko na wangu.’ Hatukujuaka ni nani.”

Mzee alishika mshumaa mmoja muda mrefu, usiowashwa, akitutazama. Nina miaka sitini na moja. Magoti yangu ni mazima, na kutoka kitini pangu hadi mkononi mwake hazikuwa zaidi ya hatua nne. Nilibaki nimekaa.